Mita Nane za Wageni

Jumatatu, 9 Februari 2026

Nimevunja chaki tatu leo. Darasani, mbele ya watoto. Hakuna aliyecheka.

Mkutano wa walimu saa nne. Mwalimu mkuu, Bwana Ogeto, alisoma orodha ya watahiniwa wa Kidato cha Nne, kisha akavua miwani. Kila akivua miwani najua kuna mtu ataumia. Fizikia inafutwa. Wanafunzi wangu watano watabaki na masomo saba, ati yanatosha. Fizikia inauvuta chini wastani wa shule, tunachekwa kutoka hapa Manga mpaka Kisii mjini. Majina anayatuma kwa baraza la mitihani Ijumaa saa saba mchana, kwa hiyo mwenye neno aseme mapema. Nikainua mkono. Akauliza kama chai imefika.

Chai!

Watano hao nimewafundisha tangu Kidato cha Kwanza. Nyanchama alipata 71 katika karatasi ya nadharia muhula uliopita, kwa kitabu kimoja wanachogawana watatu. Anataka kusomea ufundi wa umeme. Bila fizikia chuoni hata fomu hawampi. Mimi ndiye niliyemwambia leo, kwa sababu mkuu hakuwa na haja ya kumwambia mwenyewe. Hakulia. Aliniuliza kama arudishe kitabu.

Jumanne, 10 Februari

Nimeingia ofisini bila kubisha. Najua ni tabia mbaya. Sijali.

Nikamwambia: wanaanguka kwa sababu siku ya kwanza kushika mita ya kupimia umeme, tena ya kuazima, ni siku ya mtihani. Mtu atapimwaje kwa kitu ambacho hajawahi kukigusa? Na vifaa tunavyo. Katoni mbili stoo, tangu 2023, tulipewa na wafadhili, mita nane na waya na kila kitu. Hazijafika mezani kwa somo hata mara moja.

Akasema vile ni vya wageni. Vikivunjika, nani atavijibia? Mkaguzi akija aone nini, meza tupu?

Vya wageni. Kama vile vikombe vya mama vyenye maua, vinavyokaa kabatini mpaka padri aje. Ila vikombe havifanyi mtu akose chuo.

Utaratibu wenyewe naujua, nimeushuhudia mara mbili. Gari la wageni likionekana pale chini kwenye mashamba ya majani chai, katoni zinafunguliwa, mita zinapangwa mezani, wanafunzi wanne wanavalishwa makoti meupe. Picha. Makofi. Soda. Saa kumi kila kitu kimerudi stoo. Mwaka jana Nyanchama alikuwa mmoja wa wale wanne. Leo nimemuuliza alijisikiaje siku ile.

"Tuliambiwa tusiguse, Madam. Tuweke mkono juu yake tu, ionekane kama tumeshika."

Miaka mitatu. Mkono juu yake tu. Nikatoka nje nikazunguka uwanja wa mpira mara mbili, maana ningekaa pale ningesema neno.

Jumatano, 11 Februari

Leo nimelisema.

Asubuhi nilienda kwa Alfayo, mtunza stoo. Nikamwomba ufunguo. Akasema bila barua ya mkuu hawezi, ana watoto wa kulisha. Nikamjibu vibaya, maskini, na yeye hajanikosea kitu. Alinitazama tu. "Hasira hasara, Madam." Halafu akachukua kofia yake. Anaenda kunywa chai, akasema, na ufunguo unakaa kwenye msumari wake kama siku zote.

Nikafungua katoni kwa kisu cha kukatia karatasi. Mita ya kwanza — nikageuza kifuniko cha nyuma. Unga wa kijani. Betri zimevuja, zimeganda kwenye vyuma, waya mmoja umeliwa hadi umekatika. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Zote nane! Hakuna mtoto aliyezigusa na zimekufa. Zimefungiwa zisiharibike, zikaharibikia humo humo.

Nikabeba mbili mkononi hadi stafrumu. Walimu wote walikuwepo, wanakula maandazi. Nikaziweka mbele ya mkuu, juu ya sahani yake. Nikasema, hivi ndivyo ulivyotunza. Nikasema mita hizi umeziua wewe, kwa ufunguo wako na wageni wako, na sasa unataka kuwaua watoto watano kwa kosa lako. Nikasema mengine sitayaandika. Yalitoka kwa Kijaluo, angalau walioelewa ni wawili.

Mwalimu Drusilla, mwenzangu wa hesabu, alikuwa ananivuta sketi chini ya meza.

Bwana Ogeto hakupaza sauti. Akafuta mafuta ya maandazi vidoleni, kimoja kimoja. Haya, akasema. Hao watano wako wakichora grafu moja ya maana, ya vipimo vyao wenyewe, kabla sijatuma majina Ijumaa, nitawaacha kwenye orodha. Ameyasema mbele ya watu kumi na mmoja. Kisha akatabasamu, maana mita zimekufa na yeye anajua.

Sasa ni jioni. Nimempigia kaka yangu Odoyo, anatengeneza redio Oyugis. Nikamweleza mambo ya unga wa kijani, na ujinga wa mkuu, kwa kirefu. Akanisikiliza. Akasema zinaweza kupona baadhi: ndimu, mswaki mkavu, kisha tuzitandaze juani. Kisha akauliza kitu kimoja. Mita hutoka dukani bila betri ndani. Nani aliweka?

Yawa, jamani.

Nimekaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata.

Mimi. Siku ile ya kukabidhiwa, 2023, nilitaka mishale icheze mbele ya wageni. Niliweka betri kwenye zote nane mwenyewe, na nilifurahi kweli. Halafu wakaita chakula. Nikazirudisha kwenye katoni haraka haraka kabla kuku hajaisha, nikatia sahihi kwenye daftari la stoo: zote nzima, mishale inacheza. Sikutoa betri hata moja. Mwalimu wa fizikia!

Mkuki kwa nguruwe. Na leo nimemwita mtu muuaji juu ya sahani ya maandazi.

Bado nimemkasirikia. Ningezipata mapema kama asingezifungia. Hilo ni kweli. Na lile lingine pia ni kweli, na sina pa kuliweka.

Alhamisi, 12 Februari

Niliwaambia watoto asubuhi, kabla sijafungua mdomo kwa jambo lingine. Betri niliziacha mimi. Nyanchama akauliza kama ndimu zatosha au akachume nyingine kwao, ni karibu.

Kutwa nzima tumesugua. Kipindi cha michezo, chakula cha mchana, tena baada ya masomo. Kucha zangu ni kijani. Watano wamezifungua hadi ndani kabisa, wanajua sasa kila skurubu. Nyanchama aliunga ule waya uliokatika kwa uzi wa shaba wa chaja ya simu iliyokufa. Mimi sikumfundisha hilo.

Saa kumi na moja: tano hazifai tena. Moja mshale unatetemeka. Mbili zinafanya kazi — mbili. Moja itapima volti, moja ampea. Zinatosha grafu moja, na hakuna akiba.

Mkuu sijamwambia. Nilifika hadi mlangoni pake mara moja. Alikuwa kwenye simu. Nilifurahi kwamba alikuwa kwenye simu, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 13 Februari

Saa sita na dakika ishirini. Naandikia hapa hapa maabara, benchi la nyuma, maana nikikaa bure nitaenda kuwashikia waya.

Mvua ilinyesha asubuhi, stima ikapotea, chumba ni kiza. Tumesogeza meza dirishani. Betri za tochi, waya mrefu uliobanwa kwenye rula, mita mbili. Wanabadilisha urefu wa waya, wanasoma, wanaandika. Pointi sita wanazihitaji. Nyanchama anasoma mita, wengine wanaandika na kupima. Ya kwanza walirudia mara nne. Sikusema kitu. Nimeng'ata kalamu hadi imepasuka.

Pointi mbili zimepatikana.

Mkuu ameingia. Ana daftari la stoo kwapani. Amesimama dirishani, mgongo kwenye mwanga, anatazama meza. Nani alikupa ufunguo, ananiuliza. Nikasema niliuchukua mwenyewe, Alfayo hahusiki. Nikasimama. Nikasema na betri niliweka mimi, Bwana Ogeto, 2023, nikasahau. Nilikutukana kwa kosa langu.

Akasema anajua. Sahihi yangu ameiona kwenye daftari tangu Jumatano. Alikuwa anangoja aone kama nitasema.

Nimeketi tena. Ninaandika. Akatazama saa yake. Ni saa sita na nusu, akasema, na lazima arudi ofisini, na kwa vile vifaa vya shule vimeharibiwa na mwalimu wa somo lenyewe —

"Sir." Ni Nyanchama. Hajainua kichwa kutoka kwenye mita. Sijawahi kumsikia akimkatiza mtu mzima, wala mtoto. "Sir, samahani, sogea kidogo. Unanizibia mwanga, nasoma."

Kidole chake kiko juu ya kioo cha mita, kinagusa.

Bwana Ogeto amevua miwani. Amemtazama. Ameirudisha.

Amesogea. Hatua mbili, mpaka ukutani. Hajatoka. Daftari bado liko kwapani.

"Moja nukta mbili," Nyanchama anasema, na Lewis, mmoja wa wale watano, anaandika. Pointi ya tatu. Zimebaki tatu, na sasa ni saa sita na dakika thelathini na nne; majina yanatumwa saa saba.