Tonton Masikio Amenyamaza

Yaya Deo, kaka yangu mkubwa,

Tangu homa ikuchukue, Tonton Masikio hasemi. Nianzie hapo, maana mengine ya huku Kasha unaweza kuyakisia: mvua inanyesha, courant ya umeme inakatika, jirani bado anadhani anajua kuimba.

Wengine wakifiwa na kaka hulilia kiti kitupu. Mimi namlilia kiumbe wa sayari nyingine, wa kwenye katuni, mwenye masikio kama majani ya mgomba, anayepita nyuma ya kapteni na sanduku begani, kisha basi. Hata jina hakupewa. Waliomchora walimsahau kabla rangi haijakauka. Wewe ndiye uliyemwona. Ulisimama nyuma ya pazia la ukumbi wetu wa video, mikro mkononi, ukiwafasiria watu lugha usiyoijua hata neno moja, bila aibu. Siku ya kwanza, kapteni akiwa bado ananguruma, huyu wa nyuma ukamwita Tonton, yaani mjomba, ukampa sauti ya puani, tena ya Kimashi, lugha yetu Bashi, akianza na salamu ya kwetu: "Asinge! Humu bugali iko wapi?" Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Tangu hapo hakuna aliyejali kama dunia itaokolewa. Walingoja masikio.

Unamkumbuka yule mtoto wa katekisimu aliyemuuliza padri kama Bashi walishuka na chombo kile cha angani? Padri alikuja mwenyewe kukugombeza. Akakaa kidogo, akabaki mpaka mwisho, akaondoka akiuliza: "Huyu wa masikio, hana sehemu ya pili?"

Sasa sikia. Matanga yalipoisha, Maman alikuja ukumbini na kitenge chake cha misa, akakaa mbele kabisa. "Weka ile ya masikio, nimusikie mutoto wangu."

Sikuelewa. Kumbe miaka yote hii aliamini kwamba ulipokuwa unasema kwenye mikro, mashine ilikuwa inameza sauti yako na kuitunza. Ningefanya nini? Nikaweka. Tonton akapita na sanduku lake, mdomo umefungwa. Maman akasogeza kiti.

"Ongeza sauti."

Nikaongeza. Ikavuma injini ya chombo.

"Ongeza."

Yaya, nimepekua telefoni za mtaa mzima. Picha zako ni nyingi: unakula, unacheka, umelala mdomo wazi kama mtu wa kuimba Gloria kanisani. Sauti, hakuna. Nani anamrekodi kaka anayelala chumba cha pili? Tulijua utakuwepo kesho. Tulijua, kama wajinga wanavyojua vitu.

Nikajaribu mwenyewe. Nikabana pua, nikasema maneno yako yote. Watoto hawana huruma: "Tonton ameshikwa na grippe, mafua yamemziba!" Lakini si kicheko kinachoniua. Kinachoniua ni kwamba kila nikisema mimi, wewe unafifia kichwani mwangu. Nikinyamaza unapotea, nikisema nakufunika. Niambie nipite wapi. Nakuuliza kweli, si maneno ya barua.

Jumapili Maman alirudi. Nikaingia nyuma ya pazia, nikashika mikro. Masikio yakatokea. Nikasema "Asinge", ikatoka nusu, nikaimalizia hivyo hivyo, vibaya. Hakuna aliyecheka, hata watoto.

Maman hakugeuka. "Si yeye," akasema.

Nikaweka mikro chini.

"Kwani nimesema unyamaze? Endelea. Usimuache mugeni wa watu apite bila kusalimia."

Basi pumzika, Yaya. Nakuahidi hatapita kimya tena, maadamu courant ipo na mimi nipo. Sauti itakuwa yangu, sina nyingine. Ila kama huko uliko kuna upenyo wowote, hata wa ndoto, njoo unisahihishe. Nigombeze. Nicheke. Niite mjinga mbele ya watu wote, lakini kwa sauti yako.

Mdogo wako,
Furaha