Baba Mkwe Katika Kitanda cha Mtihani

Baba Musyoka,

Hili ndilo neno langu la kwanza kwako. Miaka yote niliyokaa katika boma lako sikuwahi kukuita wala kukujibu, na tulipokutana kwenye njia ya mtoni niliingia vichakani nikakupa mgongo mpaka upite. Wewe nawe ulikuwa ukikohoa kutoka mbali, kile kikohozi chako cha uongo, ili nipate nafasi ya kujificha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kikamba mkono unakataa. Kiswahili ulikijua tangu ulipokuwa kibarua wa mkonge, na mimi nimekisoma shuleni, mahali ambapo hakuna baba mkwe.

Usitegemee nikulilie hapa. Nimekasirika. Wiki ijayo narudi Kitui kufanya tena mtihani wa leseni ya uuguzi, ule nilioanguka mbele ya kitanda chako. Nikianguka mara ya pili, hakuna ya tatu. Nitabaki msaidizi wa wodi, wa kubeba mabakuli na kupiga deki, na masomo yote yatakuwa yamekwenda bure. Watu wa Kyuso watasema walijua tangu mwanzo kwamba mke wa mtu hasomi.

Wacha nikueleze siku ile ilivyokuwa upande wangu, maana wewe ulikuwa umegeukia ukuta. Mtihani wa kuandika nilikuwa nimepita vizuri. Ilibaki ule wa vitendo, na huo kila mwanafunzi anaokota karatasi yenye namba ya kitanda. Mimi niliokota kitanda cha mwisho, wodi ya wanaume. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha mgonjwa kitandani na kusafisha mpira wake wa mkojo. Nilifurahi, baba. Kazi hiyo naiweza hata nikiwa na usingizi. Nikapanga beseni, taulo na sabuni kwenye troli, nikaisukuma, na yule mama mtahini wa kutoka Nairobi akanifuata na kalamu yake. Nikavuta pazia.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia umelazwa. Kumbe ulikuwa umeletwa jana yake na lori lililopeleka mahindi ya manjano ya msaada Kyuso likawa linarudi tupu, wewe ukiwa umeziba mkojo na tumbo limekaza kama ngoma. Uliniona kabla sijakuona. Ulivuta blanketi mpaka juu ya kichwa, ukageukia ukuta, ukasema, "Huyu hapana. Leteni mwingine."

Mtahini akasema, "Endelea, nesi. Saa inaenda."

Niliweka beseni chini, nikajifunika uso kwa aproni, nikatoka kinyumenyume mpaka nje ya pazia. Ndivyo nilivyoanguka mtihani.

Yule mama hakujua nthoni ni kitu gani. Hakujua kwamba kwetu mke wa mwana hamwangalii baba mkwe usoni, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, sembuse kumfunua nguo na kumwosha. Yeye simlaumu. Namlaumu Sista Mutheu, mkubwa wa wodi, ambaye alikuwa amesimama pale pale. Sista Mutheu ni Mkamba wa Tawa, ameolewa, na baba mkwe anaye. Aliona aproni usoni mwangu akajua kila kitu, na akaangalia viatu vyake. Baadaye alinifuata kwenye chumba cha vyombo akaniambia, "Ningesema nini, Mwende? Yule mama angeona sisi ni washamba tu." Kwenye karatasi yangu waliandika kwamba nilimwacha mgonjwa. Kwa muuguzi hakuna neno baya kuliko hilo, afadhali wangeandika nimevunja vyombo vyote vya wodi.

Utauliza mbona mimi mwenyewe sikusema. Kusema "huyu ni baba mkwe wangu" mbele ya wanaume wale wote, wewe ukiwa uchi chini ya blanketi na mpira ukining'inia? Nilinyamaza kwa ajili ya heshima yako. Nataka ulijue hilo huko uliko, kwa sababu ulipotoka hospitali wewe nawe ulinyamaza. Watu waliuliza mbona Mwende amerudi bila leseni, wakasema labda ana mimba, labda aliiba dawa. Ulikuwa umeketi nje ya nyumba yako ukiwasikia. Neno moja tu lingetosha.

Na kusema ulikuwa unajua. Ulipotaka nisikie jambo ulimwambia mbwa. "Simba, ambia watu wa hiyo nyumba ng'ombe wamekuja." "Simba, hii uji leo ni tamu." Mbwa alikuwa anakuangalia tu, nami nacheka jikoni na leso mdomoni. Hata kusoma kwangu kulipita kwa mbwa. Mume wangu Musyoka alipokataa nisiende shule ya uuguzi, ulikuja ukasimama karibu na ghala, ukakohoa, ukasema kwa nguvu ili mwanao naye asikie, "Simba, kama huyu mtoto anataka kusoma, aende. Sisi tutapikiwa na mama." Siku hiyo nilikupenda, baba, na sikuwa na njia ya kukuambia.

Kwa hiyo nilingoja. Nilisema mzee atamwambia Simba. Hukumwambia. Ulikaa hapo na mfuko wako wa mkojo umefunikwa, ukimlisha yule mbuzi mwenye sikio jeupe majani ya mti uliyokatiwa mbali, wakati mbuzi wengine wa boma walikuwa wakianguka mmoja mmoja kwa ukame. Tuliuza wale waliobaki, yeye ukakataa. Tulikula mahindi ya manjano bila kitu, mbuzi wako amefungwa peke yake kivulini, amenona. Nilikuona mchoyo. Nilikuita mchoyo moyoni kila nilipopita na mtungi.

Halafu homa ikaanza. Mpira ulitakiwa kubadilishwa hospitali, na lori la msaada lilikuwa limeacha kuja. Nilisimama nje ya ukuta wako nikimwambia mama, mkeo, la kufanya. Mgeuze upande wa kushoto. Mpe maji anywe, hata akikataa. Mkojo una rangi gani? Na mama, macho yake yalivyoingia ukungu, ananijibu, "Sijui, ni kama chai, ama ni kama maziwa." Niliomba aniletee mfuko nje niuone mwenyewe. Akakataa, akasema hata huo ni mwili wako. Alikuwa akiupitisha mbele yangu umefunikwa kwa leso kwenda kuumwaga.

Nilikuwa nimesoma kila kitu kilichokuwa kinakuua. Nilijua jina lake, nilijua dalili zake, nilijua kesho yake utaanza kutetemeka, na ukatetemeka. Nilichota maji kwa kuchimba mchanga wa mto, nikayachemsha, nikayaweka mlangoni, nikarudi nyuma ili mama ayachukue. Hiyo ndiyo kazi niliyokufanyia. Kati yangu na wewe kulikuwa na ukuta wa udongo ambao hata mtoto angeutoboa kwa kijiti.

Ile siku ya mwisho nilikaa chini ya ule ukuta nikalia. Nilidhani nalia kimyakimya. Nikakusikia, sauti imekwisha kabisa: "Simba, wacha kulia hapo nje. Enda usome."

Baba, Simba alikuwa amekufa kwa njaa kabla ya hapo, na ulijua, kwa sababu wewe ndiye uliyesema azikwe asiachiwe fisi.

Musyoka alikuja kutoka Mombasa kwa mazishi. Alivaa suti. Mchungaji alisifu imani yako, wazee wa kanisa wakaimba, na watu walipohitaji kula Musyoka akaangalia huku na huku akamwona yule mbuzi. Akachinjwa. Watu wakala, wakasema nyama ni laini, si kama ya mbuzi wa ukame. Mimi niligawa sahani. Mama alikaa na sahani yake mapajani, hakugusa, nikafikiri ni huzuni.

Aliniambia tulipokuwa tukisugua sufuria kwa majivu, wageni wakiwa wamekwenda. Yule mbuzi alikuwa wangu. Ulimtenga wiki ile ile uliyotoka hospitali, umtoe ili nthoni kati yetu iondolewe kama wazee walivyokuwa wakiiondoa: mbuzi anachinjwa, wewe unakula, mimi nakula, watu wanaona, na kuanzia hapo naweza kuingia nyumbani mwako na beseni langu. Pombe isingekuwepo, wewe ni mzee wa kanisa, chai ingetosha. Ilibaki mwanao awepo, kwa sababu mke ni wake. Ulimtuma dereva wa lori mara mbili akamwite. Mara ya kwanza Musyoka alisema atakuja Krismasi. Mara ya pili alisema, "Mwambie mzee hayo ni mambo ya zamani, asimalize mbuzi bure." Mambo ya zamani! Yeye ambaye miaka yote hiyo hajawahi kumwangalia mama yangu mzazi machoni, akija kwetu Nunguni anaongea na mlango.

Sijamsamehe. Amerudi Mombasa, na hata nilipomfungia chakula cha safari sikumwambia kwamba najua. Nitamwambia nikiwa na leseni mkononi. Mtu anisikilize nikiwa nesi.

Wewe pia sijakumaliza. Mbona hukuniambia? Ungekohoa, ungeliambia ghala, ungeuambia huo mti uliokuwa ukikatiwa majani. Ningekwenda Mombasa kwa miguu nikamvuta Musyoka kwa tai. Mimi nilikuwa nakuchukia kwa sababu ya mbuzi ambaye ulimnyima watu wote kwa ajili yangu, na wewe uliniacha nichukie.

Sasa nakuambia mambo yalivyo hapa. Mvua imenyesha. Ndengu zimeota, mama amepanda hata pale ulipokuwa ukiketi. Mchana, jua likiwa kali na hakuna wa kutuona, ananifundisha. Anacheka nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Analala kwenye kitanda chako, anafunga macho, anakuwa mgonjwa wangu. Ni mgonjwa mbaya sana. Anaugua kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuuguza, anaomba uji katikati ya kuogeshwa, na nikimgeuza vibaya anasema, "Hapo mtahini amekukata alama." Nasema kila hatua kwa sauti. Nanawa. Namsalimu mgonjwa. Namweleza ninachotaka kufanya. Namfunika asipate baridi, nafunua mahali ninapoosha tu.

Juzi nilimwomba ajifunike blanketi kichwani na ageukie ukuta, kama wewe. Alijifunika, akageuka, na mimi nikasimama pale na beseni na miguu ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Mama alilala vile vile, kwa mara ya kwanza bila kuugua. Nikaweka beseni chini. Nikageuka kwa mtahini, yaani kwenye ule mlango, nikasema kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwa jirani: "Madam, huyu ni baba wa mume wangu. Kwa mila yetu siwezi kumwosha. Simwachi. Nitasimama naye hapa mpaka aje wa kumwosha, halafu nipewe kitanda kingine." Maneno hayo tu. Yangetoka siku ile, ningekuwa na leseni, ningekuwa na kazi, na labda wewe ungebadilishiwa mpira kwa wakati. Mama alikuwa akilia chini ya blanketi. Tuliacha masomo siku hiyo tukaenda kupalilia.

Ahadi yangu ni hii. Wiki ijayo nitaokota karatasi, nitavuta pazia, na yeyote atakayekuwa pale hatabaki peke yake na ukuta. Kama naweza kumwosha nitamwosha. Kama siwezi nitafungua mdomo, hata mtahini awe ametoka wapi, hata Sista Mutheu atoboe viatu vyake kwa kuviangalia. Na nikipata leseni sitaki wodi ya Kitui. Nitaomba zahanati ya huku kwetu, ambako lori likiacha kuja watu wanakufa na mipira yao.

Na jambo la mwisho. Jana mama alinipa kifurushi kidogo kilichokaushwa juu ya moshi wa jiko. Ni nyama ya yule mbuzi. Hakula sahani yake ile siku ya mazishi, aliificha. Alinikalisha kwenye kigoda nje ya nyumba yako, akanipa nile, akasema kipande chako amekizika pale kichwani pa kaburi. Ilikuwa ngumu na ina majivu. Nimeila yote.

Kwaheri, baba. Mbuzi ameliwa. Sasa geuka, nikuone.

Mwende