Fremu za Mwalimu

Baba mtoto,

Sisi wazima, na mwanao ameota jino. Mkono wako uliovunjika unaendeleaje huko kwa mama?

Fremu za milango ya mwalimu nimezipiga msasa na kuzipaka rangi ya mbao. Nilipomtajia bei aliuliza, “Hii ya fundi au ya mke wa fundi?” Nikamjibu, “Ya fundi, mwalimu. Mlango haujui nani kaupaka.” Akacheka, akakubali.

Lakini fremu moja ilitoka madoadoa, maana vanishi ya zamani haikutoka yote na rangi haikuingia sawasawa. Akiikataa kesho, wateja wako watakimbia. Nimeikwangua na kuipaka upya, mtoto mgongoni. Bado haijakauka, nami roho iko juu juu.

Akija nitamwonyesha kwanza hiyo niliyoirudia, kama ufanyavyo wewe. Niombee tu. Bei sishushi.

Wako, mwenye rangi kwenye kucha.