Y Zimebaki Chini ya Karatasi

Shoga, uko wapi? Mkaguzi ametoka darasani kwangu sasa hivi.

Unaujua ule ujanja wangu wa kubandika karatasi juu ya y, kuvunja kama x iko peke yake, kisha kuzirudisha y? Nikaandika x² + 7xy + 12y², nikazifunika y, nikavunja fasta kuwa mabano mawili: (x + 3)(x + 4). Nikalipigia jibu na mstari, kwa mbwembwe zote!

Nikawageukia wanafunzi.

Halafu darasa zima, kwa wimbo niliowafundisha mwenyewe: "Mwalimu, rudisha y nyumbani!"

Ilitakiwa (x + 3y)(x + 4y), shoga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mkaguzi akainuka. "Lete chaki, mwalimu. Ni haraka tu imekuponza." Akaandika x² + 9xy + 20y², akabandika karatasi, akamaliza kwa madaha: (x + 4)(x + 5).

Yeye pia! YEYE PIA!

Darasa likaimba tena: "Mzee, rudisha y nyumbani!"

Nikacheka mpaka nikashika meza. Mimi, mbele ya mkaguzi!

Akazirudisha y zake, akajipangusa chaki, akaninong'oneza mlangoni: "Mwalimu, haya yaishie humu humu."

Sawa, mzee. Lakini midomo arobaini ya wanafunzi naifunika kwa karatasi gani?