Ramani ya Baba Ilianza Mbali

Jumapili, Oktoba 1996
Ilembo, Mpanda

Joto la leo halina adabu. Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda tangu asubuhi, na jua limekuwa jekundu kabla hata ya kuzama. Kanisani nilikaa, nikasimama, nikaimba, na sikumbuki somo lilihusu nini. Mawazo yangu yote yalikuwa kijijini, kwenye uwanja wa mkutano, ambako jana baba yangu alijichorea mwenyewe njia ya kufukuzwa.

Niandike tangu mwanzo, labda kichwa kitatulia. Mwanhumbi, kitongoji chetu, kiko ukingoni mwa msitu wa serikali. Baba alihamia huko na ng'ombe wake kutoka Usukumani, mimi nikiwa bado mtoto wa shule. Akajenga, akalima mihogo na mahindi, na mama alipofariki tukamzika kando ya zizi. Sasa umekuja mradi wa kupanga matumizi ya ardhi, na wanachora ramani ya kijiji. Mwanhumbi kikihesabiwa makazi ya kudumu, kitawekwa kwenye ramani na baba atabaki. Kikihesabiwa kambi ya mifugo, wote wataondolewa kabla mvua hazijakolea.

Hilo tu. Kubaki au kuondoka.

Mpimaji ni kijana mpole, ana kofia ya pama na sauti ya chini, watu wameshambatiza Bwana Ramani. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana sina wa kumchukia. Alifagia uwanja vizuri, akagawa majivu ya kuchorea njia, magunzi yawe nyumba, mawe yawe visima. Kila kaya ichore kwao pale chini, yeye anakili kwenye karatasi. Kwa kuwa nafundisha Jiografia hapa Ilembo, mwenyekiti wa kijiji aliniomba niende niwaeleze wazee ramani ni kitu gani. Nilikwenda nimevaa gauni langu la bluu. Nikaeleza kwamba ramani ni picha ya nchi ikitazamwa kutoka juu, kama anavyoiona mwewe. Nilijiona mtu wa maana sana jana asubuhi.

Wa kwanza alikuwa Mama Anastazia, jirani yetu, Mpimbwe, mwenyeji wa asili kabisa. Alichora majaruba yake ya mpunga, kigango, njia ya kisimani, akavizungushia majivu pande zote nne, akapangusa mikono kwenye kanga. Kazi imekwisha. Bwana Ramani alitabasamu hadi jino la mwisho likaonekana.

Kisha baba akasimama.

Hakuchora pale tulipokuwa. Aliondoka na ndoo ya majivu, akatembea mpaka mwisho wa uwanja, upande wa kaskazini, karibu na choo cha ofisi. Watu wakadhani anakwenda kujisaidia. Akainama, akaweka jiwe. Kisima cha alikozaliwa. Akaanza kurudi kinyumenyume huku anamwaga majivu, anaweka jiwe, anataja. Hapa tulinywesha mwaka wa njaa. Hapa amezaliwa mwalimu, akaninyooshea kidole, uwanja mzima ukacheka. Hapa mbung'o walitumalizia ndama. Hapa tuliikuta reli tukaifuata. Alimaliza majivu ya kitongoji kizima. Mwanhumbi alikifikia mwisho kabisa, karibu na viatu vya Bwana Ramani: gunzi moja na jiwe moja jeupe. Jiwe jeupe ni mama.

Nilijua anachofanya. Kwetu mtu mzima akiulizwa kwao, haanzi na alipolala jana. Anaanza na maji ya kwanza aliyoyanywa, anashuka kisima baada ya kisima, bila kuruka hata kimoja, mpaka anafika aliposimama. Anayeruka ana jambo analificha, labda aliiba ng'ombe mahali, labda alifukuzwa. Baba alikuwa anamheshimu yule kijana. Alikuwa anampa maisha yake yote, mazima.

Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Baba, chora hapa tu panatosha."

"Nianzie mwisho kama mwizi?" Alilisema kwa sauti, wote wasikie.

Bwana Ramani akamuuliza kwa adabu, "Mzee, sasa eneo lako linaishia wapi?"

"Linaishia maji yanapoishia."

"Na maji yakiisha?"

"Tutatazama mbele. Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Kwa hiyo nyie ni watu wa kuhamahama."

Baba akaitikia kwa kichwa, kifua mbele. Alidhani anasifiwa.

Nilimfuata Bwana Ramani pembeni. Nikamwambia kuna nyumba ya matofali, kuna mihogo, watu wanaishi pale mwaka mzima. Nikamwambia kuna kaburi. Akanionyesha ufunguo wa ramani yake: duara ni kitongoji, pembetatu ni kambi, msalaba ni makaburi. Mwanhumbi kilikuwa kimeshakuwa pembetatu. "Maneno ni ya mzee mwenyewe," akasema, "na watu wote wameyasikia." Kuhusu mama alisema kwa kipimio cha ramani ile kaburi moja haliwezi kuonekana, wanaweka yakiwa mengi. "Mwalimu, haya si unayajua?"

Nayajua. Ndiyo yanayonila. Kipimio kikiwa kidogo, vitu vidogo vinaachwa. Nimelisema hilo darasani kila mwaka. Kuna mtoto aliwahi kuchora jiko la mama yake kwenye ramani ya kata, nikalikata kwa wino mwekundu.

Mama Anastazia alinishika mkono, machozi yanamlengalenga. "Nyie nanyi jamani! Si mngechora tu zizi na mihogo, mkanyamaza?" Uwanjani kuku walikuwa wanapekua magunzi, na ng'ombe mmoja alikuwa ameshapita katikati ya safari yote ya baba.

Wataisoma ramani mbele ya kijiji Jumamosi ijayo. Mwenyekiti ameniambia ni kutimiza taratibu tu, hakuna kitakachobadilika. Nimetafuta moyoni mtu wa kumwendea, ofisi ya kugonga, sijaona. Hata nikimpata, atanionyesha pembetatu.

Na baba hajui. Hilo ndilo sikuweza kulimeza wala kulitema. Jana jioni alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri lori, amechangamka kama mtu aliyetoka harusini. Aliniambia yule kijana amelelewa vizuri, amesikiliza mpaka mwisho, si kama vijana wa siku hizi. Kisha akaniuliza, "Mama yako amemweka upande gani kwenye karatasi yake?"

Nikamwambia amemweka kando ya zizi.

"Vizuri," akasema. "Hapo hapo."

Lori likaja. Nilipanda juu ya magunia nikageuza uso, asinione. Nilipaswa kumwambia pale pale, apate walau wiki moja ya kujiandaa, ya kukaa na kaburi. Sikuweza. Ana miaka mingi, magoti yameanza kukataa, na mbele anakosema atatazama sijui ni wapi. Kusini ni ziwa. Tumeshafika mwisho wa nchi, ila hakuna aliyemwambia.

Kesho ni Jumatatu, kipindi cha kwanza nina darasa la sita. Somo ni sababu zinazowafanya watu wahame. Kitabu kimezitaja: ukame, magonjwa, kutafuta malisho, kutafuta kazi. Nitaziandika ubaoni, watoto watanakili, na yule msichana wa dawati la mbele, anayeuliza kila kitu, atanyoosha mkono aulize kama sababu zimeisha.

Nitamjibu zimeisha.