Bawa la Kulia

Jumamosi, 5 Julai
Uwanja wa ndege wa Kimaka tangu asubuhi. Nimesugua nati kwa mafuta ya taa hadi vidole vinanuka. Babu anakaza bolti za mabawa. Ndege ni ya wakati wa vita vya dunia, viti viwili, mabawa ya mbao na kitambaa. Ameitengeneza miaka sita. Kula, kuvaa viatu, kuingia msikitini, Babu huanza kulia. Ndege peke yake huianza kushoto. "Shetani anakaa kushoto," anasema. "Mbane yeye kwanza."

Baada ya wiki mbili Afande Opio, rubani mstaafu, ataipeleka Mbale. Babu atakaa kiti cha nyuma. Anajidai kama bwana harusi.

Adhuhuri alianguka. Spana mkononi.

Jumanne, 8 Julai
Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimekufa. Shangazi Zaina amempeleka kwake Mbale, karibu na viwanda. Mimi nimebaki Jinja, shule. Darasani wananiita afande kwa sababu naongea Kiswahili, lugha ya wanajeshi huku kwetu. Aliyenifundisha ni Babu. Sasa yeye hana maneno.

Jumapili, 13 Julai
Nilienda Mbale. Babu ana neno moja. Kulia. Kulia. Analisema huku akinikazia macho, mpaka mate yanamtoka. Shangazi anasema mzee anataka kulia, tumwache alie. Jirani anasema anaulizia mkono wake. Chozi sikuona.

Afande amepiga simu. Jumamosi ataruka kama ilivyopangwa, atapita juu ya nyumba. Shangazi ameshaweka kiti uani.

Alhamisi, 17 Julai
Nimeelewa katikati ya somo la kemia. Kushoto kwanza. Alianguka kabla ya kumaliza upande wa kulia.

Labda nakosea. Nawaogopa wanaume wale wa Kimaka, mafundi na Afande.

Ijumaa, 18 Julai
Nilikwenda Kimaka na sare ya shule. Fundi mmoja alicheka. "Mutoto ya Mzee, ndege iko sawa! Rangi imeshakauka, wewe nataka nini?" Nikasema wafungue bawa la kulia. Akacheka tena. Nikarudia. Afande Opio hakucheka. "Fungua," akasema.

Nati ilizunguka kwa vidole. Bolti ilikuwa imeanza kula mbao. Afande alikaa chini kwenye saruji, kofia mkononi.

Mbao itabadilishwa. Safari hadi wiki ijayo.

Nilimpigia Shangazi, akamwekea Babu simu sikioni. Nikasema, Babu, kulia tumeona. Shangazi anasema alifumba macho, ndipo akalia kweli.

Jumatano, 23 Julai
Babu amefariki alfajiri. Amezikwa leo hii, kabla ya alasiri. Kiti bado kiko uani.

Ningenyamaza, angeiona Jumamosi. Ingeanguka, najua. Najua na bado inaniuma.

Jumapili, 27 Julai
Mbale. Ndege ilipita saa nne asubuhi. Kiti cha nyuma kitupu, Afande alikataa kumpa mtu. Shangazi alikuwa anafua shuka za Babu, hakuinua kichwa. Mimi nilikaa kwenye kile kiti. Ilizunguka nyumba mara moja, imelalia kulia. Bawa lilishika. Ikawa ndogo, ikapotea upande wa milima.

Nikasimama, nikashika ncha ya pili ya shuka. Tukakamua.