Mizizi ya Reglisi kwa Mama

Nchelenge

Yaya Nkulu, mukubwa wangu,

Sote tunakusalimia. Mvua imeanza huku, na samaki zetu ndogo za chisense zinaoza kwenye mikeka kabla ya kukauka.

Ile mizizi mitamu ya reglisi uliyotuma toka Lubumbashi kwa kikohozi cha Mama ilifika. Mama alifurahi kama mutoto. Kila asubuhi aliichemsha, akanywa chai yake bila sukari, akituambia, “Nkulu ananikumbuka.”

Kikohozi kilipona, lakini tension ya damu ikapanda. Muuguzi akamukataza: “Mama, mizizi hii ndiyo inaipandisha. Wacha kabisa.” Mama akaitika, kisha akaendelea kunywa kwa kificho. Nilipomukuta jikoni akaniambia, “Léonie, mutoto wangu haji. Hata chai yake nisinywe?”

Jumapili, tukitoka kanisani, alianguka njiani. Sasa mukono wake wa kuume hausogei, na maneno yanamutoka nusunusu. Hata hivyo ninamuelewa: kila boti inayovuka ziwa toka Congo ikifika, anauliza kama umo.

Usitume tena mizizi. Njoo wewe mwenyewe, wakati angali anakutambua.

Mudogo wako anayekungoja,
Léonie